Utando wa bati juu ya alumini: shajara ya mradi wa betri za sodiamu, Arusha

Februari, kabla ya masika

Mradi umeanza wiki hii. Naandika kwanza swali letu, ili atakayejiunga nasi katikati asilazimike kuokoteza: bati (metali ya Sn, si mabati ya paa) hufanya nini hasa linapopokea sodiamu na kuiachia ndani ya betri? Nasema bati lenyewe, bila gundi na bila masizi.

Elektrodi nyingi za betri, yaani pande zake mbili zinazopokea na kuachia chaji, hutengenezwa kwa uji. Unachukua unga wa kitu unachokichunguza, unaongeza masizi ya kaboni ili umeme upite, unaongeza gundi ili vishikane, unakoroga, unapaka kwenye karatasi ya metali na kukausha. Kiwandani njia hiyo ni nzuri na ya bei nafuu. Kwa mtafiti ina tabu yake. Seli, yaani betri ndogo ya majaribio, ikianza kupoteza uwezo baada ya kuchajiwa mara kadhaa, huenda gundi imeachia, huenda masizi yamemeza sodiamu kwa upande wao, huenda punje za unga zimepasuka na kubaki zikielea bila kufikiwa na umeme. Majibu yote hayo yanawezekana, na mchoro wa seli haukuambii ni lipi.

Ndiyo maana tumechagua utando wa mvuke. Bati linapashwa moto ndani ya chemba iliyonyonywa hewa hadi litoe mvuke, mvuke unapanda kwa mstari ulionyooka, unakutana na karatasi ya alumini iliyo juu na kuganda hapo, kama mvuke wa chai unavyoganda chini ya kifuniko cha birika. Kinachobaki ni bati tupu juu ya alumini. Unene wake tunaujua, eneo tunalijua, kwa hiyo uzito tunaujua. Seli ikifa, mtuhumiwa ni mmoja.

Kwa nini bati na sodiamu? Atomu 4 za bati zinaweza kupokea atomu 15 za sodiamu, na hiyo ni miliampia-saa 847 kwa kila gramu ya bati. Kinywe (grafiti), ambacho nchi yetu imejaliwa nacho Mahenge na Lindi, hupokea lithiamu kwa miliampia-saa 372 kwa gramu, lakini sodiamu hakiipokei vizuri katika elektroliti za kawaida, yaani vimiminika vinavyopitisha ioni kati ya pande mbili za betri. Kwa hiyo upande hasi wa betri ya sodiamu unahitaji kitu kingine. Bati linachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera, na sodiamu iko kwenye magadi ya Ziwa Natron, huko huko kaskazini kwetu. Najua kwamba kutoka kwenye magadi hadi sodiamu safi kuna kiwanda kizima katikati, na bati tunalotumia maabara ni la kununua, safi kwa asilimia 99.99. Hata hivyo ni vizuri kufanya utafiti wa kitu ambacho nchi yako ingeweza kukitoa ardhini.

Alumini nayo ina sababu. Kwenye betri za lithiamu upande hasi hutumia karatasi ya shaba, kwa sababu lithiamu huungana na alumini na kuiharibu. Sodiamu haiungani na alumini. Karatasi ya alumini ni nyepesi na bei yake iko chini sana ya shaba.

Ugumu wa bati ni kuvimba. Likishiba sodiamu huwa kubwa zaidi ya mara 5 ya lilivyokuwa. Kitu kinachovimba hivyo na kunywea, mara mia na zaidi, lazima kipasuke mahali fulani. Tunataka kujua ni kwa unene gani kinaanza kupasuka.

Machi, wiki ya kwanza: mahesabu

Hakuna kilichowashwa bado. Wiki nzima ni karatasi na kalamu, na naona imetuokolea fedha.

Bati lina uzito wa gramu 7.29 kwa sentimita ya ujazo. Utando wa nanomita 100 kwenye sentimita mraba 1 una mikrogramu 73. Zidisha kwa 847, unapata mikroampia-saa 62 kwa sentimita mraba. Elektrodi zetu tunazikata duara la kipenyo cha milimita 12, yaani sentimita mraba 1.13, kwa hiyo seli moja itakuwa na uwezo wa mikroampia-saa 70 hivi. Tukitaka kuichaji kwa saa 10, mkondo unaohitajika ni mikroampia 7.

Hapo ndipo palipotugutusha. Mashine yetu ya kupima betri ina chaneli za upeo wa miliampia 5, na usahihi wake ni sehemu moja kwa elfu ya upeo huo. Sehemu moja kwa elfu ya miliampia 5 ni mikroampia 5. Kupima mkondo wa mikroampia 7 kwa chombo kinachoweza kukosea kwa mikroampia 5 ni sawa na kutopima. Namba zingetoka, michoro ingechorwa, na yote yangekuwa hewa. Dada wa kemia ndiye aliyesoma kitabu cha mashine hadi kurasa za nyuma na kugundua kwamba baadhi ya chaneli zinaweza kubadilishwa upeo uwe mikroampia 100. Kwa upeo huo kosa linashuka hadi mikroampia 0.1, chini ya asilimia 2 ya mkondo wetu. Chaneli hizo tumezibandika karatasi nyekundu. Hazitumiwi kwa kazi nyingine.

Ninamsihi yeyote anayeingia kwenye kazi ya utando mwembamba aanze na hesabu hii kabla ya kununua chochote. Utando ni kitu kidogo mno kuliko vyombo vilivyotengenezewa elektrodi za uji.

Hesabu ya pili ni ya umbali kati ya boti ya tungsteni, ambamo bati linayeyukia, na karatasi ya alumini. Mvuke haugawanyiki sawasawa. Katikati unene ni mkubwa, pembeni unapungua. Boti ikiwa sentimita 15 chini ya karatasi, sehemu iliyo sentimita 5 kutoka katikati inapata unene pungufu kwa takriban asilimia 19. Ukiishusha hadi sentimita 30, upungufu ni asilimia 5. Gharama yake ni bati: ukiongeza umbali mara mbili, unahitaji bati mara nne. Kwa sentimita 30 na utando wa nanomita 100 tunahitaji kama gramu 0.2 kwenye boti. Tumekubaliana 30. Gramu 0.2 za bati si kitu, na karatasi isiyotofautiana kutoka duara hadi duara ina thamani kubwa zaidi.

Machi, mwishoni: masika

Mvua imeanza, na Meru haijaonekana kwa siku kadhaa. Chemba nayo inaonyesha tofauti. Kabla ya mvua ilikuwa inafika 10⁻⁵ milibari kabla ya chakula cha mchana. Sasa jua linazama bado inasuasua juu yake.

Fundi wetu ni mzee aliyetumia miaka mingi akihudumia vyumba vya baridi vya mashamba ya maua upande wa Usa River. Pampu za kunyonya hewa anazijua kwa sauti. Nilimkuta asubuhi ameinamia pampu ya mzunguko, kioo cha mafuta akikiangalia kwa tochi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Njoo uone. Mafuta haya yamekuwa maziwa. Pampu inakunywa maji.”

Ni kweli. Hewa ya masika imejaa mvuke wa maji, na pampu inapoubana, mvuke unageuka maji ndani ya mafuta. Dawa yake ilibuniwa na Mjerumani Wolfgang Gaede katika miaka ya 1930: tundu dogo linaloingiza hewa kidogo kwenye hatua ya kubana, ili mvuke usukumwe nje kabla haujawa maji. Pampu yetu ina tundu hilo, ila valvu yake ilikuwa imefungwa. Mzee ameifungua, pampu imezunguka bila chemba hadi jioni, mafuta yamerudi kuwa ya rangi ya asali. Kuanzia sasa valvu hiyo inafunguliwa kila asubuhi ya masika kwa muda, kisha inafungwa chemba inapokaribia ombwe la juu, yaani inapobaki karibu bila hewa.

Lakini mafuta yalikuwa nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kuta. Chemba ikifunguliwa, maji yanajibandika kwenye chuma, na ukishanyonya hewa yote yanabaki yakijitoa pole pole. Kati ya 10⁻³ na 10⁻⁶ milibari, sehemu kubwa ya kinachobaki ndani ya chemba ya kawaida ni maji hayo.

Tulitaka uhakika kwamba si tobo. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo cha gharama: unafunga valvu kati ya chemba na pampu, unaangalia geji inavyopanda, unaandika kila dakika. Tobo huingiza hewa kwa kasi ileile, kwa hiyo mstari unapanda umenyooka. Maji ya kutani hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha mstari unalala. Wetu ulilala. Chemba ni nzima.

Tumeweka masharti matatu. Chemba haifunguliwi kwa hewa ya chumbani: tunaijaza argoni kavu kwanza, na mlango ukishafunguliwa argoni inaendelea kutiririka polepole. Kwa kazi hii argoni ya mafundi wa kuchomelea chuma cha pua inatosha, nayo inapatikana mjini. Ile safi zaidi tunaiachia kabati la glavu, sanduku lililozibwa na kujazwa argoni ambalo unafanyia kazi kwa glavu zilizoshikizwa ukutani mwake, ambako sodiamu inaishi. Sharti la pili, mlango haukai wazi bila mtu kufanya kazi. La tatu, kuta zinavishwa mkanda wa joto na kupashwa hadi nyuzi 80 hivi wakati pampu inanyonya, kisha zinaachwa zipoe.

Jambo dogo la mahali petu, kwa wenzetu walio juu ya mlima kama sisi. Arusha mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni karibu milibari 860. Chombo kinachoendesha chemba kilikuwa kinasubiri geji isome karibu 1,000 ndipo kiruhusu mlango kufunguka. Haitasoma 1,000 hapa hata tungoje mwaka. Tumeshusha kiwango hicho kwenye mipangilio. Na pampu zinazopozwa kwa feni zinapata hewa nyepesi, kwa hiyo zipewe nafasi ya kupumua, zisisukumwe ukutani.

Aprili, wiki ya pili: utando wa kwanza

Leo tumeweka bati. Ombwe lilikuwa 2 × 10⁻⁵ milibari. Boti ilipashwa taratibu huku kikinga mvuke kikiwa kimefungwa, ili bati liyeyuke na kutema gesi iliyomo kabla ya kuiachia njia. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, lakini kutoa mvuke wa kutosha kunahitaji nyuzi 1,000 na zaidi. Tulifungua kikinga, geji ya unene ikaanza kuhesabu, nanomita 0.1 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo nanomita 100 zilichukua robo saa na ushei.

Geji ya unene inastahili maelezo, maana namba zetu zote zinaiegemea. Ni fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara milioni 6 kwa sekunde. Bati likitua juu yake, fuwele inakuwa nzito na mtetemo unapungua. Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha mwaka 1959 kwamba upungufu huo unalingana moja kwa moja na uzito ulioongezeka: kwa fuwele kama yetu, kila hezi 1 ni nanogramu 12.3 kwa sentimita mraba. Nanomita zetu 100 za bati ni hezi 5,900 hivi.

Tatizo ni kwamba fuwele haikai mahali karatasi ilipo. Iko pembeni, karibu kidogo na ukuta, kwa hiyo inapokea mvuke tofauti. Kuna namba ya kusawazisha tofauti hiyo, na namba hiyo haiji na mashine. Lazima uitafute mwenyewe. Maabara kubwa hutumia sindano inayopita juu ya ukingo wa utando na kupima kimo. Sisi tumetumia mizani. Mikrogramu 73 hazipimiki kwa mizani yetu ya kawaida, lakini tandaza karatasi ya sentimita mraba 100, na bati lake ni miligramu 7.3. Hizo zinapimika. Tulipima karatasi kabla, tukaipima baada, tukagawa kwa eneo, tukalinganisha na fuwele. Tumerudia hadi namba ikatulia, na sasa nina imani nayo.

Sasa utando wenyewe. Haukuwa kioo. Nilitarajia uso unaong'aa. Tulitoa karatasi yenye weupe wa maziwa, ukiinamisha inang'aa kidogo na kurudi kufifia. Mmoja wetu alisema ni unyevu, bati limeshika kutu. Mwingine akasema alumini haikusafishwa vizuri. Tumeisafisha kwa asetoni kisha kwa alkoholi, na glavu hazikuvuliwa, kwa hiyo sikuafiki. Kipande kimetumwa kwenye hadubini ya elektroni.

Aprili, wiki ya nne

Umeme ulikatika usiku katikati ya kuoka chemba. Valvu ya usalama ilijifunga yenyewe, pampu ya kasi, ile inayofikisha ombwe la juu, ikashuka taratibu bila kudhurika. Mashine ya kupima seli sasa ina betri ya akiba yake peke yake. Jenereta inachukua muda kuwaka, na seli inayopimwa kwa wiki haivumilii hata dakika hiyo.

Mei, mwanzoni: picha za hadubini

Picha zimekuja, na zimefungua mambo mengi kuliko nilivyotegemea.

Utando wetu wa nanomita 100 haukuwa utando. Ulikuwa visiwa: vilima vya bati vya mviringo, vimetengana kwa mifereji ambamo alumini inaonekana wazi. Weupe wa maziwa ni mwanga unaotawanywa na vilima hivyo. Bati huyeyuka kwa joto dogo, kwa hiyo hata likiwa limeganda juu ya karatasi atomu zake bado zina uhai wa kutembea. Zinapenda kukutana zenyewe kwa zenyewe kuliko kutandaa juu ya ngozi ya oksaidi iliyoifunika alumini. Ukizipa muda na joto, zinajikusanya. Sisi tulizipa vyote: robo saa ya muda, na joto la boti likimulika karatasi kutoka chini.

Kwa hiyo dawa ni kasi na baridi. Mwaga bati haraka, ili atomu mpya zizike za zamani kabla hazijatembea, na poza karatasi kwa nyuma.

Nilipokaa na kuhesabu nikaona kasi inatupa faida nyingine, na hii ndiyo ninayotaka isomwe kwa makini. Kwenye 10⁻⁶ milibari, molekuli za gesi iliyobaki zinagonga uso kwa wingi wa kutosha kuufunika wote kwa tabaka moja katika sekunde 3 hivi, ikiwa kila moja itabaki. Kwenye 10⁻⁵, ni sehemu ya tatu ya sekunde. Tabaka moja la bati ni kama nanomita 0.3. Kwa kasi ya nanomita 0.1 kwa sekunde tabaka hilo linachukua sekunde 3. Maana yake, kwenye 10⁻⁵ milibari, kila tabaka la bati lilikuwa linapigwa na maji mara kumi kabla ya tabaka linalofuata kufika! Si yote yanashika, lakini yanayoshika yanageuza bati kuwa oksaidi. Tukienda nanomita 2 kwa sekunde, na kwenye 10⁻⁶, hesabu inageuka: tabaka la bati linafika ndani ya sekunde 0.15, na maji yanapata nafasi moja kwa ishirini.

Kwa nini oksaidi inatuuma? Kwa sababu sodiamu ikikutana na oksaidi ya bati kwa mara ya kwanza inaichukua oksijeni na kuwa oksaidi ya sodiamu, na sodiamu hiyo hairudi. Chaji ya kwanza inaingia kubwa, inatoka ndogo. Ukisoma mchoro huo bila kujua historia ya utando, utasema bati ni kitu kibovu, kumbe ni maji ya masika.

Zamani nilidhani ombwe ni hatua ya maandalizi tu, kitu unachokipita ili ufike kwenye sayansi. Sasa naona ombwe ni sehemu ya kitu chenyewe. Kanieneo na kasi vinapaswa kuandikwa kwenye kila seli kama tunavyoandika uzito na unene, na tangu leo fomu ya seli ina nafasi zake.

Mei, mwishoni: kibebeo

Chemba ya mvuke na kabati la glavu viko vyumba viwili tofauti. Kutoka kimoja hadi kingine ni hatua chache za ukumbi, na hizo hatua ni hewa. Tulikwenda kwa fundi wa chuma cha pua, mtaa wa Unga Limited, na mchoro mkononi: kopo nene lenye mfuniko, mfereji wa mpira wa kuzibia, valvu moja. Alitazama mchoro akauliza ni la kuwekea dawa gani. Tulipomweleza kwamba ni la kubebea karatasi isiyotakiwa kuguswa na hewa, alisema kwamba mfereji wa mpira hautachomelewa, utachongwa kwa mashine, kwa sababu chuma kikichomelewa kinapinda na mpira hautalala. Alikuwa sahihi. Alilichonga kwa ustadi ambao sijauona kwenye vitu vya kuagiza.

Tumelipima kwa njia ileile ya mstari: nyonya, funga valvu, soma geji. Mstari umelala. Sasa utando unatolewa chini ya mtiririko wa argoni, unaingia koponi, unafungwa, unavuka ukumbi, unafunguliwa ndani ya kabati.

Juni: baridi

Mvua zimekoma na maabara asubuhi inataka sweta. Unyevu umepungua, na chemba inafika 10⁻⁶ milibari ikiokwa usiku mmoja.

Nyuma ya karatasi sasa kuna bamba la shaba linalopitishwa maji ya bomba. Maji ya Arusha mwezi huu ni baridi ya kutosha. Hatukuhitaji mashine ya kupoza. Angalizo moja: maji yafungwe na bamba lirudi kwenye joto la chumba kabla mlango haujafunguliwa, la sivyo unyevu wa chumbani unaganda palepale kwenye kitu ulichokilinda wiki nzima.

Kwa nanomita 2 kwa sekunde, utando wa 100 unakamilika kwa chini ya dakika moja. Karatasi imetoka inang'aa. Hadubini inaonyesha vilima vidogo, vimegusana, mifereji michache. Si uso laini kabisa. Lakini umeme unapita kutoka ukingo hadi ukingo na alumini haionekani.

Seli tumezifunga ndani ya kabati, vifungo vya saizi 2032, kipenyo milimita 20 na unene milimita 3.2. Upande wa pili ni sodiamu, kati yake karatasi ya nyuzi za kioo, elektroliti ni chumvi ya sodiamu, NaPF₆, katika kiyeyushi cha diglaimi. Diglaimi tumeichagua kwa sababu watafiti wengi wameshaonyesha kuwa bati hudumu ndani yake kuliko ndani ya viyeyushi vya kaboneti. Hatukutaka elektroliti iwe mtuhumiwa wa pili.

Julai, wiki ya kwanza: michoro

Nimekaa na michoro hii siku nzima na furaha yangu siifichi.

Sodiamu inapotoka kwenye bati, volti haipandi kwa mteremko mmoja. Inapanda kwa ngazi, na kila ngazi ni badiliko kutoka mchanganyiko mmoja wa sodiamu na bati hadi mwingine. Zote ziko chini ya volti 0.8. Kwenye seli za uji tulizotengeneza sambamba, kwa unga wa bati, masizi na gundi, ngazi hizo zimelainika, kingo zake zimeliwa, mbili za katikati karibu ziungane. Kwenye utando zimesimama wazi. Ni bati lilelile na sodiamu ileile. Tofauti ni kwamba kwenye utando kila atomu ya bati iko umbali uleule na umeme, na sodiamu ina nanomita 100 tu za kusafiri kabla haijavimbisha chochote. Kwenye punje ya mikroni kadhaa, ngozi inamaliza ngazi moja wakati moyo haujaianza, na mashine inasoma wastani wao. Muda wa kupenya hukua kwa mraba wa umbali: punje nene mara 10 inahitaji muda mara 100.

Kuhusu chaji ya kwanza: utando wa Aprili, ule wa maziwa, ulipoteza sehemu kubwa ya sodiamu mara ya kwanza. Utando wa Juni umepoteza kidogo zaidi ya kile tunachokitegemea kutokana na ngozi ambayo elektroliti huijenga juu ya elektrodi yoyote. Tulitenganisha sababu mbili kwa kutengeneza utando mwingine wa haraka na wa baridi, lakini kwenye ombwe duni la 10⁻⁵. Unang'aa kama wa Juni, ila kwa hasara umekaa katikati. Kwa hiyo visiwa vina lawama yao na maji yana yake.

Julai, wiki ya tatu: unene

Tumetengeneza nanomita 50, 100, 300 na 500, zote kwa kasi moja na ombwe moja.

Za 50 zinadumu, lakini ngozi ya juu inachukua sehemu kubwa mno ya bati lililopo, kwa hiyo namba zake zinasema habari za ngozi kuliko za bati. Za 100 zimeshika hadi sasa bila kuyumba. Za 300 zinashuka pole pole. Za 500 zilianza kuporomoka mapema. Tulipofungua seli ndani ya kabati, utando ulikuwa umegawanyika vipande kama vigae, na baadhi vimekwama kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, vimeachana na alumini kabisa. Picha ya 300 inaonyesha nyufa hizohizo, lakini vipande bado vimeshikilia chini. Utando mwembamba hauna pa kuvimbia isipokuwa juu. Ukinenepa, nguvu ya kuvimba inayokusanyika ndani yake inazidi nguvu ya bati kujishikiza kwenye alumini, na hapo unabanduka.

Kwa hiyo mpaka tunaoutafuta uko kati ya 100 na 300 kwa bati tupu juu ya alumini tupu. Hilo ni jibu la swali la Februari, sehemu ya kwanza.

Dada wa kemia anataka tuweke tabaka la kaboni chini ya bati ili lishikwe vizuri zaidi. Mimi naunga mkono, ila nimeomba tuanze na tabaka jembamba sana, nanomita 5, kwa sababu kaboni nayo humeza sodiamu na tusije tukarudisha mtuhumiwa wa pili tuliyemfukuza.

Wanafunzi wameniuliza kama siku moja tutaweka na elektroliti kwa mvuke, tupate betri isiyo na kimiminika. Inawezekana, na ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, John Bates, Nancy Dudney na wenzao wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, waligonga bamba la fosfati ya lithiamu kwa ioni ndani ya naitrojeni, atomu zake zikaruka na kutua kama utando, na kupata elektroliti ngumu ya kioo, LiPON. Inapitisha lithiamu kidogo sana, kama 2 × 10⁻⁶ simensi kwa sentimita, maelfu ya mara chini ya kimiminika. Lakini ikiwa na unene wa mikroni 1, udogo huo unavumilika, kwa sababu safari yenyewe ni fupi. Kwa utando mwembamba, kitu ambacho kingekataliwa kwa unene wa kawaida kinaweza kufaa. Kuigonga fosfati kunataka chanzo cha masafa ya redio cha megahezi 13.56, maana bamba lisilopitisha umeme haligongeki kwa mkondo wa moja kwa moja. Hicho hatuna. Nimekiandika kwenye maombi ya bajeti ya mwakani, nikiambatisha hesabu ya unene na upinzani.

Agosti, mwanzoni

Yaliyo mezani: kaboni ya nanomita 5 chini ya bati la 100, 200 na 300. Ombwe lisizidi 2 × 10⁻⁶, kasi nanomita 2 kwa sekunde, bamba la shaba likiwa na maji. Kila unene seli tatu za utando na moja ya alumini yenye kaboni tupu, ili tujue kaboni peke yake inameza kiasi gani. Mzee amebadilisha mafuta ya pampu na kuandika tarehe kwenye mkanda ubavuni. Chaneli nyekundu zote zimejaa hadi seli za 300 zitakapokufa au kuvumilia. Zikitoka, za kaboni zinaingia palepale.